Dini na Maisha Yetu: Kuuza Miti ya Mbao Iliyo Mashambani Mwetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza na jamaa za Kiislamu juu ya mambo yaliyomo majumbani mwetu: malezi ya watoto, mahari, deni, ujirani, na mengineyo yafananayo na hayo. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kuuza miti ya mbao iliyo katika mashamba ya watu wenyewe. Huenda msomaji aliye mjini akaona kwamba jambo hili haliko karibu naye. Na asiupite ukurasa huu upesi. Wengi wa wakaao mijini wana mafungu yao katika mashamba ya baba na babu zao, na miti ya mashamba hayo yakatwa na kuuzwa ilhali wao hawana khabari. Wengine hupata khabari siku gari liendapo na magogo.

Sisi watu wa pwani si wageni wa biashara ya miti. Tangu zamani boriti za mikoko zilikatwa katika visiwa vya Lamu na katika milango ya mto Rufiji, zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni kuezekea majumba. Na wazee wetu, ijapokuwa wengi wao hawakupata kuingia skuli, walikuwa na kipimo chao. Mti mwembamba ulikuwa na jina lake, nao ni fito, ulioupita ni pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Na yote hiyo ilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Muuzaji na mnunuzi wote wawili walijua boriti ni ipi na mazio ni ipi, na korja ni ngapi. Basi mtu asituambie kwamba kupima miti ni mambo ya kigeni. Kilichotupotea ni desturi yetu wenyewe.

Leo biashara iliyo kubwa katika mashamba ya watu ni ya miti iliyopandwa. Huko Kwale na Kilifi wengi wamepanda mivinje, wakauza nguzo za kujengea. Huku kwetu Muheza na pande za jirani, watu waliona msitu wa serikali wa Longuza ulivyostawi, nao wakapanda msaji, ambao watu wa leo wauita mtiki. Msaji asili yake ni Bara Hindi, Burma na nchi za kando yake, na mbao zake zasifika kwa majahazi na milango kwa sababu haziliwi upesi na mchwa wala hazipindani kwa maji. Ni mti wa mtu mwenye subira. Mwenye kuupanda hungoja miaka ishirini na zaidi, na mara nyingi anayeupanda siye anayeuuza. Na hapo ndipo penye mtihani, kwani mali iliyopandwa na mtu aliyekwisha kufa ni mirathi, na mirathi ina wenyewe.

Twaomba radhi kwa wasomaji wetu kwa kuwa khabari tutakayoieleza sasa inatuhusu sisi wenyewe, wala haitupambi. Tumeona kuieleza ni bora kuliko kuificha, huenda ikamzuia mtu mwingine asianguke pale tulipoanguka.

Miaka kadha iliyopita alifariki jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na shamba ambalo ndani yake mlikuwa na misaji arubaini aliyoipanda kwa mkono wake. Alikuwa akiwaambia wanawe, "Hii ndiyo akiba yenu, msiiguse mpaka iwe na umri." Haukutimia mwaka tangu kuzikwa, mwanawe mkubwa alitujia baada ya sala ya alasiri pamoja na mfanyabiashara wa mbao. Wakasema wameafikiana kwa shilingi milioni nne, na sisi, kwa kuwa ni maalim wa chuo na khati yetu husomeka, tuwaandikie karatasi na tuwe mashahidi. Tuliona ni jambo la kheri. Tukachukua kalamu tukaandika kwamba fulani amemuuzia fulani miti yote ya misaji iliyomo shambani kwa shilingi 4,000,000, na fedha zimepokewa. Tukatia sahihi. Tulishukuriwa, tukanywa chai, tukaenda msikitini kungojea magharibi.

Sasa tazameni mambo ambayo karatasi ile haikuyataja. Haikutaja kwamba miti ina warithi sita. Haikutaja idadi ya miti wala unene wake. Haikutaja lini miti itakatwa. Haikutaja nani atalipa kitakachovunjwa. Kwa ufupi, karatasi ilikuwa na bei tu, na bei bila ya mengine ni kama mlango usio na nyumba.

Mfanyabiashara alikata miti ishirini na miwili, akaenda zake. Katika kuiangusha, mti mmoja uliangukia upande wa pili wa mpaka ukavunja minazi mitatu ya jirani, na kila mmoja akasema si juu yake kulipa. Miti kumi na minane ikabaki imesimama. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Misaji ikaendelea kunenepa. Kisha mfanyabiashara akarudi na msumeno wake wa mashine, akasema, "Nimekuja kuchukua miti yangu." Wenye shamba wakasema amechelewa. Yeye akaitoa karatasi yetu na kuuliza, "Imeandikwa wapi kwamba nina muda?" Naye alikuwa akisema kweli. Haikuandikwa.

Na katika muda huo wote mama mjane na binti zake hawakupata haki yao. Kila mmoja alipewa doti ya kanga na shilingi 50,000, wakaambiwa, "Haya ndiyo ya marehemu." Binti mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile tulipotia sahihi, naye alikuwa mwanafunzi wa chuo chetu. Siku moja, alipokuwa na miaka kumi na minne, tulikuwa tukiwasomesha mlango wa mirathi. Baada ya wenziwe kuondoka, alibaki akisimama mlangoni, akasema kwa adabu, "Maalim, umetusomesha kwamba binti ana fungu lake, dogo au kubwa. Mbona karatasi uliyoandika haikututaja?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aende nyumbani, tutalitazama jambo hili. Usiku ule hatukulala vizuri, na kulipopambazuka tulikwenda kwa sheikh mmoja mzee aliyetupita kwa elimu na umri, tukamsomea maneno ya karatasi yetu. Yatakayofuata ni yale aliyotukumbusha. Twasema "kukumbusha" kwa kuwa sehemu yake kubwa tuliwahi kuisoma, lakini hatukuitumia siku ilipotakiwa.

Jambo la kwanza: ni nani mwenye mti? Mtu akifa, mali yake baada ya kutolewa gharama za maziko, kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, huwa ya warithi wake wote tangu saa ile. Katika Suratin Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ametuwekea wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa kama wanaume walivyo na fungu, kiwe kidogo au kingi. Na katika aya ya 11 na ya 12 akayagawa mafungu yenyewe. Kwa jirani yetu hesabu ilikuwa nyepesi mno. Mjane ana thumuni, yaani moja katika nane. Yaliyobaki ni saba katika nane. Watoto wa kiume wawili, kila mmoja kwa mafungu mawili, ni manne. Binti watatu, kila mmoja kwa fungu moja, ni matatu. Jumla ni saba. Kwa hivyo mali yote ni mafungu manane: mama moja, kila binti moja, kila mtoto wa kiume mawili. Katika milioni nne, mama ni shilingi 500,000, kila binti 500,000, na kila mwanamume 1,000,000. Mtoto wa chuo aweza kuifanya hesabu hii mchangani kwa kidole.

Basi yule ndugu mkubwa alikuwa na mafungu mawili katika manane, naye akauza manane yote. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mtu akiuza kwa pamoja kilicho chake na cha mwenziwe bila ya idhini, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo husihi katika fungu lake tu, na katika la mwenziwe hayasihi. Na zaidi ya hayo, alikuwamo ndani yake mtoto mdogo ambaye ni yatima. Watu wengi hudhani kwamba kaka mkubwa au ami ndiye walii wa mali ya yatima. Sivyo. Walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Kaka na ami hawana mkono katika mali ile illa wakiusiwa au wakiwekwa na kadhi. Na hata aliye walii wa haki haruhusiwi kuuza mali ya yatima ila kwa maslaha ya yatima mwenyewe na kwa bei iliyo sawa na thamani yake. Kila Mwislamu aisomaye aya ya 10 ya Suratin Nisaa, aliyoahidiwa moto mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma, na aisome tena siku apelekewapo karatasi ya kutia sahihi.

Jambo la pili: mti uliosimama huuzwa vipi? Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameeleza kwamba mti mbichi husihi kuuzwa kwa sharti ya kukatwa, au kwa sharti ya kung'olewa, au kwa sharti ya kuachwa usimame. Na ikiwa hapakutajwa sharti lolote, maana yake ni kwamba mnunuzi ana haki ya kuuacha usimame. Ardhi iliyo chini ya mti haiwi yake, lakini ana haki ya kunufaika nayo muda wote mti uko hai. Mti mkavu ni mbali: huo mnunuzi yampasa auondoe. Tazameni basi! Yule mfanyabiashara aliposema kwamba karatasi haikumpa muda, alikuwa amesimama juu ya kauli ya fikihi pasipo kujua, na sisi tuliosoma fikihi ndio tuliompa mahali pa kusimama.

Tena masharti haya yana faida nyingine. Mti ukiuzwa kwa sharti ya kukatwa, mizizi haiingii katika mauzo. Hubaki kwa mwenye shamba. Na msaji una tabia ya kuchipua tena kutoka kisikini, na chipukizi moja lililo zuri likiachwa na mengine yakaondolewa, huwa mti mwingine. Ikiwa hapakuandikwa neno, kesho watu watagombana juu ya machipukizi kama walivyogombana juu ya magogo.

Jambo la tatu ni kipimo. Hatusemi kwamba mti hausihi kuuzwa illa kwa kupimwa. Kitu kionekanacho kwa macho, wawili wakakitazama wakaridhiana, chaweza kuuzwa bila ya mizani. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mauzo ya kubahatisha yenye giza ndani yake, na siku aliyotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini mna majimaji, alimkemea vikali mwenye rundo lile kwa kuyaficha. Na katika miti, mara nyingi mnunuzi amekwisha kuhesabu kichwani mbao zitakazotoka, na mjane anaona majani tu. Mmoja yuko nuruni na mwingine gizani. Dawa yake ni wote wawili kushika kamba moja.

Twaieleza hesabu yenyewe, nayo si ngumu. Hata sisi ambao skuli yetu iliishia darasa la saba twaiweza. Mti uliosimama hupimwa mzunguko wake kwa kamba ya fundi cherehani, kimo cha kifua cha mtu mzima, kiasi cha mita 1.3 toka chini. Gogo lililokwisha kuanguka hupimwa mzunguko katikati ya urefu wake, kwa sababu shina ni nene na ncha ni nyembamba. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, gawanya kwa 12.57, kisha zidisha kwa urefu. Jibu ni ujazo wa gogo kwa mita za ujazo. Kwa mfano, gogo lenye mzunguko wa mita 1 katikati na urefu wa mita 8: moja mara moja ni moja, gawanya kwa 12.57 upate karibu 0.08, zidisha kwa 8, ni kiasi cha mita za ujazo 0.64.

Iko njia nyingine ya zamani iliyoletwa na Waingereza, ya kuikunja kamba mara nne. Robo ya mzunguko huzidishwa kwa robo, kisha kwa urefu. Kwa gogo lile lile, robo ni 0.25, robo mara robo ni 0.0625, mara 8 ni 0.5. Mwaona tofauti? Gogo ni moja, lakini hesabu imepungua kwa zaidi ya moja katika tano. Njia hii si wizi kwa yenyewe. Iliwekwa ili kuachia nafasi ya kile kinachopotea gogo likichongwa pembe nne, na wenye kuijua hupandisha bei kwa kadiri yake. Wizi ni kupima kwa njia hii na kulipa bei ya njia ile. Katika miti arubaini ya namna hiyo, khasara ni kama miti minane na zaidi iliyoondoka bure. Mwanzo wa Suratil Mutaffifin wawahusu wapunjao vipimo, na hapana mtu aliyesema kwamba kamba haimo.

Na muuzaji naye asidai asichostahili. Gogo si mbao. Likipasuliwa kwa misumeno ya shambani, mara nyingi itokayo mbao ni nusu yake au pungufu. Mengine ni mabanzi na unga. Tena msaji mchanga una sehemu kubwa ya mti mweupe wa nje usio na nguvu, na kiini chake cha rangi ya hudhurungi, ambacho ndicho chenye thamani, bado ni kidogo. Kwa hivyo mwenye kuuza mapema kwa haraka ya arusi au ngoma hujipunja mwenyewe kabla hajapunjwa na mtu. Mti ambao unene wake umekuwa mara mbili, kwa urefu ule ule, ujazo wake huwa mara nne. Subira ya miaka michache huzaa kuliko biashara nyingi za dukani.

Jambo la nne ni kuandika. Aya ya 282 ya Suratil Bakara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, imekuja kutufundisha kuandikiana deni la muda, na imemwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu. Sisi tuliandika, lakini hatukuuliza. Na mwandishi asiyeuliza huwa amempa mwenye nguvu silaha. Tangu siku zile, kila mtu atujiapo na karatasi ya miti, twamuuliza haya, nasi twayaweka hapa ili kila nyumba iyahifadhi:

Kwanza, wenye miti ni nani, majina yao yote, na kila mmoja ameridhi kwa kinywa chake? Na akiwamo mtoto, kadhi amesema nini? Pili, ni miti mingapi, ya namna gani, na kila mmoja umetiwa alama ya rangi mahali pawili, kifuani na chini karibu na ardhi? Alama ya chini hubaki kisikini hata gogo likiondoka, na visiki vikihesabiwa hapana ubishi. Tatu, bei ni ya mti mmoja mmoja au ya mita ya ujazo, na itapimwa kwa njia ipi, na nani watasimama siku ya kupima? Nne, mwisho wa kukata ni tarehe gani, na kilichobaki baada ya tarehe hiyo ni cha nani? Tano, miti itakatwa au itang'olewa, na machipukizi ni ya nani? Sita, gari litapita njia ipi, na atakayevunja mnazi, ua au mazao ya jirani atalipaje? Saba, fedha zitalipwa lini. Nasi twashauri mti usiondoke shambani kabla fedha zake hazijafika mkononi. Nane, ruhusa ya serikali imepatikana?

Juu ya hili la nane twaongeza neno. Hapa Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yatambua misitu ya watu binafsi, na mti uliopanda ni wako. Lakini kuyasafirisha magogo na mbao kwataka hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na miti ya asili yenye thamani kama mvule na mninga isiguswe kabla ya kumwendea ofisa wa misitu, hata ikiwa imeota uani mwako. Huko Kenya nako sheria ya mwaka 2016 imetambua misitu ya watu binafsi pamoja na ya umma na ya jumuiya, na ina taratibu zake. Baadhi ya ndugu zetu huona kwamba kukwepa hati ni werevu. Mwisho wake gari hushikwa njiani, mbao zikazuiliwa, na mwenye shamba ambaye hajalipwa akawa wa mwisho kukumbukwa.

Sasa turudi kwa jirani zetu, maana hatupendi kuwaacha wasomaji njiani. Yule sheikh mzee aliwaita wote barazani kwake: warithi, mfanyabiashara, mwenye minazi, na sisi. Tulianza sisi. Tulisema mbele ya watu kwamba karatasi ile ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro ni yetu. Hapana neno lililokuwa zito kinywani mwetu kuliko hilo, na hapana lililotupa raha kuliko hilo baada ya kulisema. Mfanyabiashara alikuwa na haki ya kukasirika, kwani alilipa alichoambiwa, lakini alipoelezwa kwamba alinunua na mali ya yatima ndani yake, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mimi nina watoto pia." Wakafanya suluhu. Miti kumi na minane ikarudi kwa warithi, naye akarudishiwa shilingi 1,800,000 zilizo thamani yake. Minazi mitatu akailipa mwenyewe. Ndugu mkubwa aliuza pikipiki yake ili apate kurudisha fedha zile, na hilo lilimuuma sana, lakini alilifanya.

Kisha miti ile kumi na minane ikatiwa alama, ikapimwa mbele ya wote, na mfanyabiashara yule yule akainunua kwa mita ya ujazo. Ilitoa shilingi 3,600,000. Miti kumi na minane ilikaribia bei ya arubaini ya kwanza! Sehemu moja ya ongezeko hilo ni unene wa miaka miwili, na sehemu nyingine ni kamba. Zikagawanywa mafungu manane, kila fungu 450,000, na binti mdogo fungu lake likawekwa kwa amri ya kadhi kwa ajili ya masomo yake. Kuhusu ile ishirini na miwili ya mwanzo, mama na kila binti walistahili shilingi 275,000, nao walikuwa wamepewa 50,000. Deni hilo liko juu ya ndugu mkubwa. Amelipa sehemu, na sehemu bado. Hatutasema kwamba mambo yote yametengenea. Mama yule alikaa miaka miwili akimwona mwanawe kwa jicho la huzuni, na jambo kama hilo halina mita za ujazo.

Kwa wenye kuuza na kupata, twakumbusha mawili. La kwanza, fedha zitokanazo na mbao, zikifikia nisabu na kutimiza mwaka mkononi mwa mtu, zina zaka yake ya robo ya ushuri, yaani 2.5 katika mia; na mwenye kununua na kuuza mbao kwa biashara ana zaka ya biashara kila mwaka. La pili, siku ya kukata, matawi na vijiti waachieni majirani wenye shida ya kuni. Hakipungui kitu.

Na kwenu vijana wetu, wake kwa waume: mnazo simu zenye mashine ya hesabu ndani yake, na skuli mmekwenda kuliko sisi. Mzee wenu akisema anauza miti, msimwache aende peke yake. Chukueni kamba, hesabuni, andikeni, kwa adabu na upole. Msione haya kuuliza. Mtoto mmoja wa kike wa miaka kumi na minne aliuliza swali mlangoni mwa chuo, na swali lake likarudisha haki ya watu wanne.

Kisha pandeni. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa yeye sadaka, na ametuhimiza kwamba hata Kiyama kikimkuta mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Katika shamba la jirani yetu, visiki vya misaji vimechipua. Mwezi uliopita tulipita kule tukamkuta binti yule, ambaye sasa ni msichana mkubwa, pamoja na kaka yake mkubwa. Yeye ameshika panga akiondoa machipukizi mabaya, na kaka yake akiandika idadi ya visiki katika daftari. Tuliwatolea salamu, wakaitika, tukaendelea na njia yetu.

Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, atulinde na dhulma tuijuayo na tusiyoijua, na awasamehe waandishi makosa ya kalamu zao. Wabillahi taufiki.